Kugeuza picha si kuihifadhi

Leo nataka tuzungumze juu ya picha. Sina maana ya picha za sinema, wala zile za magazetini, bali hizi zetu za nyumbani: picha ya baba na mama siku ya ndoa, picha ya bibi amekaa kwenye kiti cha kuazima, picha ya mtoto siku ya kipaimara. Nataka tuulizane swali moja tu. Picha hizi siku hizi zinakaa wapi?

Swali hilo halikunijia hivi hivi. Lilinikuta nyumbani kwangu, hapa Katandala, mjini Sumbawanga, na halikunikuta kwa heri.

Baba yangu mzazi alipigwa picha moja tu ya maana katika maisha yake. Ilikuwa mwaka 1974, mwaka ule ule Rukwa ilipofanywa kuwa mkoa. Alikuja mjini kuuza maharage, akapita studio, akaazimwa koti na fundi picha, akasimama mbele ya pazia lenye maua. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Nyuma yake fundi aligonga muhuri wa studio yake na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino. Ilikaa ukutani ndani ya fremu ya kioo kwa karibu miaka 50, na baba mwenyewe alipotutoka, picha ile ndiyo iliyobaki ikitutazama tukila.

Miaka michache iliyopita ukoo wetu uliamua kukusanya picha za wazee. Kazi ile tulimpa mpwa wangu, kijana mtaratibu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Alisimama juu ya kiti, akaipiga picha ile picha kwa simu yake, akaipunguza ukubwa, akaitupia katika kundi la ukoo. Sote tukamsifu.

Mvua za mwezi Machi zilipokuja, bati likavuja usiku. Asubuhi nilikuta picha imeloa na kushikana na kioo. Nilipojaribu kuibandua, karatasi ilitoka, lakini uso wa baba ulibaki kwenye kioo vipande vipande.

Kusema kweli sikuhuzunika sana siku ile, maana nilijua kijana anayo. Nikamwita. Akanijibu, "Ipo, mjomba, usiwe na wasiwasi." Akatoa simu, akafungua ukurasa alioufanyia kazi ile. Ukurasa ulikuwa mtupu.

Nini kilitokea? Ili tukielewe kisa hiki, ndugu msikilizaji, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 200, kabla hata neno "simu" halijaingia katika lugha yetu.

Palikuwa na Mwingereza mmoja jina lake Thomas Wedgwood, mtoto wa Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa vyombo vya udongo. Bwana huyu alijua kwamba chumvi ya fedha hugeuka kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Basi alipaka dawa hiyo kwenye karatasi na kwenye ngozi nyeupe, akaweka juu yake jani la mti, akaiacha juani. Palipofunikwa na jani pakabaki peupe, na pengine pote pakawa peusi. Picha ikapatikana! Taarifa ya majaribio yake ilichapishwa mwaka 1802, ikiandikwa na rafiki yake, mwanasayansi Humphry Davy.

Lakini furaha ile ilikuwa na kasoro moja kubwa. Picha ilipotolewa nje ili watu waione, mwanga ule ule ulioizaa ulianza kuila. Palipokuwa peupe nako pakawa peusi, mpaka karatasi nzima ikawa kama sufuria la chini. Iliwapasa kuiweka gizani na kuitazama kwa mwanga hafifu wa mshumaa, tena kwa haraka. Wedgwood alijua kuipata picha. Hakujua kuiweka. Alifariki mwaka 1805 bila kupata jibu.

Jibu lilitoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1819 John Herschel aligundua dawa inayoyeyusha chumvi ya fedha, na mwaka 1839, upigaji picha ulipotangazwa rasmi huko Ulaya, akaonyesha kuwa dawa hiyo huosha ile chumvi ambayo haikuguswa na mwanga, na picha ikaganda, haibadiliki tena. Waingereza huiita dawa hiyo "hypo". Katika sikio la Mswahili jina hilo husikika kama "haipo". Kumbe hiyo "haipo" ndiyo inayoifanya picha iwepo!

Naomba ulishike jambo hili, msikilizaji, kwa kuwa ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Tangu mwanzo wake ufundi wa picha umekuwa na kazi mbili, wala si moja. Kazi ya kwanza ni kugeuza: mwanga uwe picha, picha kubwa iwe ndogo, ya aina hii iwe ya aina ile. Kazi ya pili ni kuhifadhi. Kazi ya kwanza ndiyo inayopendeza macho. Lakini ya pili ndiyo inayoamua kama wajukuu watakuja kuona chochote.

Baada ya Herschel kazi hizi mbili ziligawanywa vizuri. Mwingereza mwingine, Fox Talbot, alisajili mwaka 1841 njia ya kupata kwanza picha iliyo kinyume, yaani negativu, ambayo kwayo zinachapwa picha nyingi. Kwa hiyo fundi alibaki na negativu, nawe ukaenda na picha yako. Ya kwako ikiungua, unarudi kwa fundi. Sehemu mbili, mikono miwili.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki ufundi huo ulianzia pwani. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Huko Lamu palikuwa na studio ya Omar Said Bakor. Kwetu bara, wengi wa wapigaji picha wa kwanza walikuwa wageni. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka pwani hiyo ya ziwa wakaenea hadi Ufipa. Picha zao na kumbukumbu zao walizipeleka kwenye nyumba yao kuu, na leo hifadhi yao iko Roma. Inachekesha na kusikitisha kwa pamoja: pengine mtu wa hapa Ufipa akitaka kuuona uso wa babu wa babu yake, mahali pa kuuliza ni Roma. Si kwa sababu walipiga picha vizuri kuliko sisi, bali kwa sababu waliziweka kwenye rafu, wakaziandikia majina, na mtu akakabidhiwa ufunguo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba zamani hakikupotea kitu. Baada ya picha ya baba kuharibika nilikwenda kuitafuta ile studio ya mwaka 1974. Nyumba ilishauzwa, fundi alishafariki, na masanduku yake ya negativu yalichomwa pamoja na takataka nyingine siku ya kusafisha nyumba. Dawa ya Herschel inazuia mwanga, haizuii kiberiti. Ninachosema ni kwamba zamani kila mtu alijua picha iko wapi. Iko ukutani, iko sandukuni, iko kwa fundi. Leo kijana anaambiwa "imehifadhiwa", naye hajui ni wapi.

Sasa twende kwenye simu.

Picha ya simu haina fedha wala karatasi. Ni hesabu tupu. Simu ya kawaida siku hizi hupiga picha yenye nukta milioni 12. Kila nukta huandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani, na kiasi cha buluu. Milioni 12 mara tatu ni milioni 36. Kama kila picha ingeandikwa hivyo yote, simu zetu zingejaa kabla harusi haijafika kwenye keki.

Aliyeturahisishia mzigo huo ni mzaliwa wa India, Nasir Ahmed, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti wa hesabu yake, akanyimwa. Hakukata tamaa. Aliendelea na wenzake Natarajan na Rao, wakaichapisha mwaka 1974. Ndiyo, mwaka ule ule baba alipokuwa amesimama mbele ya pazia la maua! Hesabu hiyo ndiyo moyo wa mtindo wa picha uitwao JPEG, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1992, na hadi leo picha nyingi za simu na za mtandao zimo ndani yake.

JPEG hufanya nini? Huikata picha katika vipande vidogo vya mraba, nukta nane kwa nane. Kisha katika kila kipande huangalia ni mambo gani ambayo jicho la binadamu halitayajali: tofauti ndogondogo za rangi, vinyweleo, mikunjo midogo ya nguo. Hayo huyapunguza au kuyatupa. Zile namba milioni 36 zikabaki kama milioni tatu au nne, na wewe usione tofauti.

Wazee wetu wa Ufipa wangelielewa jambo hili upesi kuliko sisi. Walikuwa wafua chuma hodari, na mabaki ya malungu yao, yale matanuri marefu ya udongo, bado yanaonekana katika nchi yetu. Mawe ya chuma yaliingizwa pamoja na makaa, moto ukawaka, kikatoka chuma kidogo kuliko mawe yaliyoingia, kisha kikasafishwa tena katika tanuri dogo. Mavi ya chuma yakabaki chini. Sasa, hakuna mfua chuma hata mmoja aliyedhani kwamba anaweza kuchukua jembe na kuligeuza tena kuwa mawe. Kilichotupwa kimetupwa. Ndivyo ilivyo JPEG. Ukiipunguza picha hadi kilobaiti 40, huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Na kila unapoifungua, ukaibadili na kuihifadhi tena, ni kama umeirudisha tanurini: kitu kingine kinabaki chini.

Je, tanuri hilo liko wapi siku hizi? Zamani lilikuwa kwenye kompyuta ya mtu mwenye duka la steshenari. Leo liko ndani ya simu yako, katika kile chombo cha kutembelea mtandao ambacho wataalamu wanakiita kivinjari. Mwaka 1993 kilipotokea kivinjari kiitwacho Mosaic, kilichowazoesha watu kuona maneno na picha katika ukurasa mmoja, kivinjari kilikuwa dirisha tu. Unachungulia, unaona, unaondoka. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliweka ndani ya dirisha hilo kitu kipya, turubai ya kuchorea, na vivinjari vingine vikafuata. Siku hizi ukurasa wa mtandao unaweza kuichukua picha yako, kuichora kwenye turubai, kuipunguza, kuikata, kuigeuza aina, na kukurudishia, yote ndani ya simu yako, bila kuituma popote.

Jambo hili si dogo kwa watu wa mikoa yetu. Kijana akiomba mkopo wa masomo, akiomba kazi au cheti, mfumo unamwambia: picha isizidi ukubwa fulani, iwe JPEG. Simu yake ikiwa iPhone, tangu mwaka 2017 yaweza kuwa inapiga picha za mtindo wa HEIC, ambao mifumo mingi haiutambui. Akipakua picha mtandaoni, huenda ikaja kwa mtindo wa WebP, uliotolewa na Google mwaka 2010. Lazima ageuze. Kama angeipeleka picha kubwa nje ya nchi igeuzwe na kurudishwa, bando lingekwisha. Kama angekwenda kwenye duka la steshenari, cheti chake cha kuzaliwa kingebaki kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua. Kugeuza ndani ya kivinjari kunamwepusha na yote mawili. Kwa hiyo mpwa wangu hakufanya ujinga kutumia njia ile. Alijifunza alipokuwa akijaza fomu zake, akaona ni nzuri, akaitumia kwa picha ya babu yake.

Ila tanuri hili lina tabia zake. Kwanza, picha inapofunguliwa kwenye turubai hukunjuliwa yote, na kila nukta huchukua namba nne badala ya tatu, kwa sababu huongezwa namba ya uangavu. Milioni 12 mara nne ni milioni 48. Ndiyo maana simu ya bei nafuu huganda, au ukurasa hujifunga wenyewe. Kwa miaka mingi kivinjari cha iPhone kilikataa kabisa turubai inayozidi nukta 16,777,216, yaani 4,096 kwa 4,096, na mtu aliyeleta picha kubwa zaidi angeweza kurudishiwa weupe mtupu. Pili, picha ikipita kwenye turubai huacha nyuma maandishi yake ya siri: tarehe iliyopigwa, mahali ilipopigiwa, aina ya simu. Kwa cheti hiyo ni faida, maana siri zako hazisambai. Kwa picha ya ukoo ni hasara. Ni sawasawa na kufuta muhuri na tarehe ya fundi kule nyuma.

Na tatu, hapa ndipo penye mkasa wetu, kurasa nyingi za aina hii hazigeuzi tu. Hukuwekea na orodha, iitwayo pengine "Picha zangu", na ukirudi kesho unazikuta. Mtu yeyote angeamini kwamba zimehifadhiwa. Hebu tuangalie zimewekwa wapi.

Kivinjari kina mifuko ya kuwekea vitu. Mmoja ni mdogo, wa kama megabaiti tano tu kwa kila tovuti, tena haupokei picha, unapokea maandishi. Picha ikitaka kuingia humo sharti igeuzwe kuwa herufi, na namba tatu zinakuwa herufi nne, yaani inanenepa kwa theluthi moja. Mfuko mwingine ni mkubwa, unapokea picha kama zilivyo. Unaitwa IndexedDB, na ulipitishwa kuwa kanuni ya mtandao mwaka 2015. Humo ndimo kurasa nyingi huweka picha.

Mfuko huo ni mzuri, lakini una masharti ambayo hayasomwi kwa sauti. Ni wa tovuti ile moja ndani ya kivinjari kile kimoja. Ukifungua tovuti hiyo hiyo kwa kivinjari kingine, hukuti kitu. Picha zilizomo hazionekani katika sehemu ya picha za simu. Kama ulifungua kwa njia ya faragha, vyote hufutwa ukifunga. Simu ikijaa, kivinjari kina ruhusa ya kuchagua tovuti ambayo hujaitembelea siku nyingi na kufuta mali yake yote kwa mkupuo, isipokuwa kama ukurasa uliomba na kupewa ulinzi maalumu. Tangu mwaka 2020 kivinjari cha Safari cha Apple kina sheria kali zaidi: ukikitumia kwa siku saba bila kuigusa tovuti fulani, huondoa vyote ambavyo programu za tovuti hiyo ziliweka. Sheria hiyo iliwekwa kwa nia njema, kuwazuia wafanyabiashara wanaotufuatilia nyendo zetu. Lakini panga halichagui gugu wala mche.

Kwa maneno mengine, ndugu msikilizaji, kivinjari si kihenge. Kivinjari ni uwanja wa kuanikia. Sisi watu wa Ufipa ni wakulima wa mahindi, twajua tofauti. Mahindi huanikwa uani ili yapigwe na jua, yapukuchuliwe, yapepetwe. Ndiyo kazi ya uwanja. Lakini hakuna mama wa hapa Katandala ambaye angeyaacha uani mpaka msimu ujao, kisha akaulize mbuzi yamekwenda wapi.

Turudi kwa mpwa wangu. Aliufungua ule ukurasa, akabonyeza kitufe cha kamera kilichomo ndani yake, akaipiga picha ya babu. Kwa hiyo ile picha kubwa haikuingia katika picha za simu hata sekunde moja. Iliingia katika mfuko wa kivinjari. Kisha akatoa nakala ndogo ya kuitupia katika kundi la ukoo. Miezi ikapita. Siku moja simu ikamwambia imejaa. Akaenda kwenye mipangilio, akaona kivinjari kimekula nafasi kubwa, akabonyeza pa kufuta data. Simu ikamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Akaitikia, kama wewe na mimi tungalivyoitikia. Alidhani anafuta takataka. Alikuwa anafuta negativu.

Kilichobaki ni ile nakala ndogo ya kundi la ukoo: nukta 240 kwa 300. Nilipotaka kuiweka kubwa kwa misa ya kumbukumbu, nilikwenda kwa kijana mmoja mchapaji. Aliikuza, tukaona uso wa baba umekuwa miraba miraba kama mkeka uliochakaa. Baba alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni akichunga ng'ombe. Katika picha ya ukutani lilionekana vizuri. Katika hii halipo. Ni miongoni mwa yale ambayo hesabu ilidhani jicho halitayajali.

Mchapaji akaniambia, "Mzee, tunaweza kuirudisha kwa akili mnemba." Nikamwambia ajaribu. Baada ya dakika chache akaniletea mwanamume mtanashati, ngozi laini, macho yanang'aa. Nikamtazama kwa muda. Nikamwuliza, "Huyu ni nani?" Kwa hakika mashine ile haikuwa na kosa. Iliombwa ijaze pasipokuwa na kitu, ikajaza kwa sura za watu wengine. Lakini wajukuu wangu wangekua wakimwamkia mtu ambaye hajapata kuishi. Nikamlipa kijana wa watu haki yake, nikaiacha picha ile palepale.

Sasa tufanyeje? Sikuja hapa kulaumu simu, wala kulaumu vijana. Thomas Wedgwood hakuwa mjinga, na mpwa wangu si mjinga. Wote wawili waliipata picha, na wote wawili walikosa kitu cha mwisho, kuigandisha. Tofauti ni kwamba Wedgwood hakuwa na dawa. Sisi tunayo, tena ni rahisi.

Mosi, picha ya kutunza ipigwe kwa kamera ya kawaida ya simu, isipigwe ndani ya ukurasa wa mtandao. Pili, ukigeuza picha ndani ya kivinjari, usiondoke kabla hujabonyeza pa kupakua, kisha nenda katika mafaili ya simu ukaione kwa macho yako. Orodha ya "Picha zangu" usiihesabu. Tatu, nakala ndogo ni ya kutuma, nakala kubwa ni ya kutunza; usifute kubwa kwa sababu ndogo inapendeza. Nne, nakala kubwa ikae angalau mahali pawili pasipoweza kuibwa au kuungua pamoja: memori kadi au flashi hapa, na nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, au katika hifadhi ya mtandao yenye jina lako na nywila unayoikumbuka. Tano, kabla ya kufuta data ya kivinjari, jiulize kama kuna ukurasa wowote uliouachia kitu.

Na la sita ni la zamani kabisa: andika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Faili lenye jina la namba tupu halitamwambia mtu yeyote, mwaka 2060, kwamba huyu alikuwa mzee fulani, alizaliwa Ufipa, alikuwa na kovu juu ya nyusi.

Sisi ukoo wetu tumeanza. Jumapili moja baada ya misa tulikusanyika hapa nyumbani. Kila nyumba ilileta picha zake, zikatolewa kwenye fremu kwa uangalifu, zikapigwa moja moja kwenye kivuli, mbele na nyuma, muhuri na tarehe vikiwemo. Shangazi yangu, ambaye macho yamepungua lakini kumbukumbu haijapungua, alikuwa akitaja majina, na binti mmoja akiandika katika daftari la shule. Nakala moja iko hapa, moja iko Mbeya, moja iko kwa binti yetu Dar es Salaam. Aliyesimamia kazi yote, kuanzia asubuhi hadi jioni, ni mpwa wangu. Hakuna aliyemwamrisha.

Na picha ya baba? Ile ndogo nimeichapisha kwa saizi inayoiweza. Nukta 240 kwa 300, ikichapwa vizuri, ni kama sentimita mbili kwa mbili na nusu, yaani ukubwa wa stempu ya barua. Kwa ukubwa huo ni baba kabisa. Nimeibandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu habari za kovu.